Karatasi ya Sigara Kwenye Gari la Argelio

Msichana wa maktaba amekuja mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia nina kuku wa kulisha. Mara ya pili nikamwambia macho yangu hayaoni. Mara ya tatu akaja na daftari jipya na penseli mbili zilizochongwa, akaviweka mezani kwangu kama mtu anayetega panya. "Bibi Nereida, kurasa mbili tu kuhusu marehemu mumeo, babu Ubaldo. Ni za kijitabu cha watu wa Arroyo Tinto. Wenzako wote wameshaandika."

Wameandika nini? Nimesomewa. Mwokaji mikate alikuwa mpole. Mkunga alikuwa mpole. Hata yule mlevi wa tarumbeta, aliyemtupia mkewe sufuria ya maharage hadharani, naye alikuwa mpole. Mji mzima wa wapole, sijui ni nani aliyekuwa anatuibia kuku.

Na ukurasa wa Ubaldo walikuwa wameshauanza bila kuniuliza. Msichana akanisomea: "Ubaldo Tamayo, fundi umeme wa magari, aliwahudumia wananchi kwa unyenyekevu kwa miaka arobaini, licha ya ajali ya moto ya mwaka wa tisini na sita." Nikamwambia rudia. Akarudia. Licha ya! Nikamwambia acha daftari hapo, kunywa kahawa yako, uende.

Basi naandika. Herufi nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwa mwanga wa kandili, kwa mvulana wa mjini aliyetumwa kutufundisha, aliyeogopa vyura, na tangu hapo sikuzitumia sana. Nikikosea, mtasoma hivyo hivyo. Kurasa mbili hazitatosha.

Ubaldo alijifunzia umeme kwenye vichwa vya treni vya kiwanda cha sukari. Huko mzee mmoja alimfundisha kwamba waya hazifungwi kwa utepe, zinafungwa kwa uzi. Utepe kwenye joto letu hugeuka gundi, halafu hugeuka vumbi. Uzi unakaa. Kwa hiyo alikuwa anachukua uzi wa mshona viatu, anaupitisha kwenye nta, anafunga waya zote za gari pamoja kuanzia betri hadi taa za nyuma, fundo moja kila baada ya vidole vinne. Fundo lenyewe ni la mizunguko miwili, na ncha yake imerudishwa chini isionekane. Hapa milimani hakuna mwingine aliyelifunga hivyo. Ukipitisha kidole chini ya dashibodi bila hata kuangalia, ulijua: hii ni kazi ya Ubaldo.

Nta ilitoka kwenye mizinga yetu, na aliyeiyeyusha ni mimi. Hilo nalo liandikwe.

Spea alikuwa anazitafuta vipi? Vijana wananiuliza kana kwamba kulikuwa na duka. Chevrolet ya mwaka wa hamsini na mbili duka lake ni kumbukumbu ya mtu. Ubaldo alijua kila gari lililokufa kuanzia hapa hadi Bayamo, na lilikufa na ugonjwa gani. Buick ya yule daktari aliyehama ipo nyuma ya nyumba ya Tomasa, kuku wanataga kwenye kiti cha mbele, lakini swichi ya taa ni nzima. Dodge iliyotumbukia mtoni injini imeshaliwa na watu, lakini nyuma ya kiti kuna mita sita za waya ambayo maji hayakuifikia. Alikuwa hakati. Huo ndio uliokuwa ugomvi wake na wenzake. Wao walikwenda na koleo, chwap, wanaondoka na kipande cha shibiri mbili. Yeye alikuwa analala chini ya gari bovu asubuhi nzima, sisimizi wanamtambalia shingoni, anaivuta waya taratibu itoke nzima kama unavyovuta mwiba mguuni. "Ukiikata," alisema, "umemwibia atakayekuja baada yako."

Safari moja alisikia kuna dainamo nzima Holguín, kwa mjane mmoja aliyekuwa anaitumia kuzuia mlango usijifunge. Ubaldo alikuwa na homa, nikaenda mimi. Nilimpa yule mjane bata wawili na chupa ya asali. Kurudi, nikaogopa wakaguzi wa treni, maana ukionekana na chuma kama kile maswali hayaishi. Nikaiviringisha kwenye blanketi la mtoto, nikaipakata. Mama mmoja akakaa karibu nami, akainama.

"Jamani, kamelala kweli. Kana miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Na kazito hivyo! Mguu wako mzima umekufa ganzi, nakuona."

"Kamefuata upande wa baba yake," nikamwambia.

"Kanaitwa nani?"

"Hakajabatizwa bado."

Akanipa mkate wa kumtafunia mtoto akiamka. Nilimpelekea Ubaldo ule mkate na ile dainamo, akacheka mpaka homa ikapungua. Nayaandika haya ili mjue kwamba tulikuwa tunacheka pia. Nyumba yetu haikuwa nyumba ya huzuni. Waliotuletea huzuni nitawataja.

Miaka ya tisini ilipofika, vitu vya Warusi vikaacha kuja na kila kitu kikaadimika, na kilichoadimika kuliko vyote ni fyuzi. Fyuzi ni kidude kidogo, hata kucha yangu ni kubwa kuliko kile. Kazi yake ni kufa. Umeme ukizidi, yeye anakufa kwanza ili waya isiungue, na gari linasimama. Ubaldo alimweleza hivyo kila mtu, mpaka watoto walikuwa wanamwigiza barabarani.

Lakini fyuzi ikifa na nyingine hakuna, dereva wa hapa anafanya nini? Anachukua pakiti ya sigara. Ndani yake kuna ile karatasi ya kung'aa. Anaichana, anaizungushia fyuzi iliyokufa, anairudisha mahali pake, na gari linawaka. Huyoo, anakwenda zake anaimba. Sasa hakuna tena wa kufa kwanza. Umeme ukizidi itaungua waya, na ikiungua waya unaungua wewe.

Ubaldo aliichukia karatasi ile kuliko alivyomchukia shetani. Ndipo akaanzisha utaratibu wake. Gari likishapona, kabla hajatoa ufunguo, alinyoosha mkono mbele ya dereva na kusema neno moja: "Mfuko."

Na dereva alitoa pakiti yake. Ubaldo alizimwaga sigara mezani, akaichomoa ile karatasi, akaitia kwenye kopo la biskuti lililoning'inia mlangoni, kisha akamrudishia mwenyewe sigara zake moja moja.

"Eh, fundi, siku hizi umekuwa polisi?"

"Polisi anakuruhusu uendelee kuvuta. Mimi pia."

"Na nikinunua nyingine huko chini?"

"Utakuwa umejiua mwenyewe. Kwangu hujatoka nayo."

Walilalamika, walimtania, lakini walitoa. Wote. Isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni Argelio Rosabal. Ubaldo ndiye aliyemshika binti yake kwenye maji ya ubatizo, kwa hiyo yeye na Ubaldo walikuwa wanaitana kompai, na mimi aliniita komai. Watu wa huku wanajua maana yake. Ndugu wa tumbo moja unaweza kumshtaki kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kompai huwezi kumshtaki, humtukani mbele za watu, humwulizi alikuwa wapi jana. Argelio alikuwa na Chevrolet ya kijani, hiyo ya hamsini na mbili, aliyoifanya teksi ya kwenda Bayamo na kurudi. Mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuuzia ng'ombe. Amekula mezani kwangu mara nyingi kuliko padri. Alikuwa anapenda muhogo wangu, ule wa kitunguu saumu na ndimu chungu, na nilimpikia, sikatai.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tano waya za Chevrolet hiyo zilikuwa zimeisha. Zile za zamani zimevikwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kinadondoka chenyewe ukikigusa. Ubaldo alizitoa zote, akaingiza mpya mwezi mzima, waya hii kutoka kwenye lifti iliyokufa ya kiwanda, ile kutoka kwenye pampu ya maji, zote zimelehemiwa, zote zimefungwa kwa uzi wa nta. Akamtilia na boksi la fyuzi nane kutoka kwenye Lada. Boksi hilo alilipata kwa kubadilishana na redio yetu. Redio yangu! Na fyuzi zenyewe zilikuwa za kweli, nane nzima, alizokuwa ameziweka akiba kwenye chupa ya dawa.

Siku ya kulichukua gari Argelio alikuja na tabasamu na kuku wawili. Tukanywa kahawa. Ubaldo akampa ufunguo. Mimi nilikuwa mlangoni, karibu na lile kopo, nikasubiri.

"Na mfuko?" nikauliza.

Argelio akacheka. "Komai, unanipekua?"

"Nere," Ubaldo akaniambia, na sauti aliyoitumia haikuwa ya mzaha, "kompai hapekuliwi."

Nikanyamaza. Mpaka leo najilaumu kwa kunyamaza kule. Pakiti ilikuwa inaonekana mfukoni mwa shati lake, kona yake nyeupe imetokeza, na mimi nikanyamaza.

Wiki tatu baadaye gari likaungua kwenye mlima wa Nyumbu, asubuhi ya siku ya soko. Nyuma walikaa wanaume wawili wa kahawa. Mbele, karibu na Argelio, alikaa Delfina Pompa, mshonaji, amepakata furushi la kitambaa cha arusi. Moshi ulitoka chini ya dashibodi, halafu moto wenyewe. Mlango wa upande wa Delfina ulikuwa haufunguki kwa ndani. Magari mengi ya hapa yako hivyo, dereva huzunguka akufungulie, watu wa mbali hudhani ni adabu. Argelio akaruka nje. Akazunguka. Lakini mpaka alipofika, Delfina alikuwa ameupiga ule moto kwa mikono yake miwili, maana kitambaa mapajani kilikuwa cha mtu na kilikuwa kinashika.

Hakufa mtu. Hilo ndilo wanalopenda kusema. Hakufa mtu! Delfina hakushika sindano mwaka na miezi, na vidole viwili havijakunjika tena hadi leo. Mwulizeni yeye kama hakufa mtu.

Jioni ya siku hiyo mji mzima ulikuwa umeshapewa sababu. Argelio hakuwa na haja ya kupiga kelele. Alikaa mbele ya duka la mikate ameshika kichwa, akasema, "Sijui. Gari lilitoka kwa fundi juzi tu. Waya zote mpya. Mimi sijui mambo ya umeme." Basi. Yaliyobaki aliwaachia wao.

Na wao, kwa ndimi zao! Mmoja akasema waya za lifti si za gari. Mwingine akasema Ubaldo anazeeka, mikono inatetemeka. Halafu akatokea mjanja mmoja, simtaji kwa sababu mkewe ni mgonjwa, akasema: "Uzi wenye nta ndani yake ni kitu gani? Si mshumaa huo? Ubaldo amewafungia mishumaa kwenye magari yenu, ninyi mnamlipa!" Wakaangua kicheko. Kesho yake Ubaldo alipokwenda kununua chumvi, mtu akamwita kutoka barazani, "Mshumaa! Habari za asubuhi, Mshumaa!"

Ndani ya wiki moja madereva watatu wakaja kung'oa kazi yake. Mbele ya macho yetu, hapo hapo uani kwetu, walikuwa wanakata uzi kwa visu. Ikaja na barua: mkaguzi anatoka mjini, kutakuwa na kikao kwenye ukumbi wa shule, fundi Ubaldo Tamayo afike ajieleze, na mpaka hapo kibali chake cha kazi kimesimamishwa.

"Utawaambia nini?" nikamwuliza.

"Nitawaambia nilifunga kama ninavyofunga siku zote."

"Na Argelio je?"

"Argelio nini?"

"Ubaldo, usinitie wazimu. Uliweka fyuzi nane. Fyuzi zako zingekufa, gari likasimama, Delfina akashuka anatukana, basi. Waya haiungui fyuzi ikiwapo. Wewe mwenyewe umenitoboa masikio miaka ishirini na maneno hayo!"

Alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua. "Mimi sikuona alichofanya."

"Nenda ukaangalie! Gari lipo kule kwenye sakafu ya kukaushia kahawa."

"Siendi kumchungulia kompai wangu kama mwizi."

"Afadhali uitwe Mshumaa?"

"Afadhali," akasema.

Nilimrushia ungo. Sijuti. Wanaume wa namna hii wanasifiwa makaburini, lakini wanaoishi nao ndio wanaokula chumvi bila ugali. Nilivua aproni nikaenda mwenyewe.

Mimi si fundi. Lakini miaka ishirini na mitano nimeyeyusha nta, nimeshika taa, nimepitisha mkono wangu mwembamba mahali ambapo wa Ubaldo hauingii. Niliingia ndani ya lile gari lililoungua, nikalala chali kwenye majivu ya kiti. Nyuma, kuelekea taa za nyuma, uzi ulikuwa mzima. Mzima! Fundo, vidole vinne, fundo. Mshumaa wenu haukuwaka. Mbele, chini ya dashibodi, ndipo palipokuwa peusi, na pale kulikuwa na waya mbili ambazo si za Ubaldo. Hazikuwa na uzi. Zilisokotwa kwa vidole bila lehemu, zikazungushiwa plasta ya hospitali, ile ya kidonda. Nikazifuata kwa kidole, moja baada ya nyingine. Moja ilikwenda kwenye honi kubwa ya lori, nyingine kwenye redio ya kaseti. Argelio alikuwa amejitilia muziki.

Halafu nikalifungua boksi la fyuzi. Lilikuwa limeyeyuka upande mmoja. Fyuzi saba zimekaa kama Ubaldo alivyoziweka. Ya nane imevikwa karatasi ya sigara. Imekunjamana, imeungua kingo, lakini inang'aa, inaniangalia.

Nilililia lile boksi kwa hasira, peke yangu, humo ndani. Kisha nikalifungua skrubu zake kwa kisu cha jikoni, nikalifunga kwenye kitambaa cha kukaushia vyombo pamoja na zile waya za plasta.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Madereva wote walikaa upande mmoja, wameoga. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye kikoti na orodha. Delfina alikaa mbele, mikono yake imefungwa bendeji, kama mtu aliyevaa mikate. Argelio alisimulia yaliyotokea, akafuta jasho, akasema hana kinyongo na mtu. Hana kinyongo! Ubaldo akaitwa. Akasimama, kofia mkononi.

"Nilifunga kama ninavyofunga siku zote," akasema, akakaa.

Nikasimama.

"Mama, hupo kwenye orodha ya wasemaji," mkaguzi akaniambia.

"Basi niongeze. Nereida Fonseca. Unajua kuandika, mimi ndiyo najikongoja."

Watu wakacheka. Nikaenda mbele, nikaweka furushi mezani kwake, juu ya karatasi zake safi, nikalifungua. Majivu yakamwagika.

"Komai," Argelio akasema taratibu, "kaa chini, mama. Usijiaibishe."

"Usiniite komai leo. Hii waya ya plasta ni ya nani?"

"Mimi sijui mambo ya..."

"Kaseti unaijua? Honi unaijua? Mtaa mzima tunaijua honi yako, inaamsha hadi waliozikwa! Na hii?" Nikaiinua ile fyuzi ya nane, imevaa nguo yake ya fedha.

Argelio akawa mwekundu, kisha akasema kitu ambacho sijakisamehe wala sitakisamehe. "Mnajua wote," akasema, akigeukia watu. "Kopo la karatasi hizo liko nyumbani kwake, mlangoni. Kila mmoja wenu amelijaza. Nani ataniambia hakuichukua humo akaja kuiweka mwenyewe?"

Mimi! Na kweli kopo lilikuwepo, limejaa. Nilimtazama Ubaldo. Ubaldo alikuwa anatazama kofia yake. Sema kitu, nikamwambia kwa macho. Sema, mume wangu, wameniita mwongo. Hakusema.

Aliyesema ni Delfina. Hakusimama hata. "Argelio," akasema, "nionyeshe pakiti yako."

"Pakiti gani?"

"Ya sigara. Hiyo ya mfukoni. Mimi siwezi kuitoa, kama unavyoona."

Akasita. Akaweka mkono juu ya mfuko kama mtu anayeapa. Yule kijana wa orodha, nampa haki yake, akamwambia, "Tafadhali, itoe." Akaitoa. Mkaguzi akazimwaga sigara mezani. Ndani ya pakiti hakukuwa na karatasi ya kung'aa. Imechanwa. Gari lake limeshaungua, mwanamke ameshaungua, na yeye bado alikuwa anachana na kuweka akiba kwa mazoea.

Makelele yakaanza, lakini Delfina hakuwa amemaliza. Akageuza kiti chake taratibu kuelekea upande wa madereva. "Na ninyi," akasema. "Toeni zenu."

Hapo ndipo mngewaona wapole wa Arroyo Tinto. Mmoja akakumbuka ng'ombe wake. Mwingine akasema ameacha kuvuta, moshi bado unamtoka puani. Waliotoa walikuwa kumi na wanne, na kati ya kumi na wanne, tisa pakiti zao hazikuwa na karatasi ya kung'aa ndani. Hao hao waliokata uzi wa Ubaldo kwa visu.

Sasa mnadhani nini kilifuata? Waliomba radhi? Mkaguzi alizikusanya karatasi zake, akatazama ule upande wa madereva, akahesabu, nadhani, ni magari mangapi yatabaki barabarani akiandika alichokiona, na nani atawapeleka wagonjwa Bayamo. Wiki ya pili likaja jibu lenye mhuri: chanzo cha moto hakikubainika. Hakikubainika! Kilikuwa juu ya meza yake, kinang'aa. Kibali cha Ubaldo kikarudishwa baada ya miezi minne, bila neno lingine.

Tukirudi nyumbani siku ile Ubaldo aliniambia jambo moja tu. "Umempekua kompai wangu mbele za watu." Na siku arobaini hakuniambia lingine. Nilihesabu, maana nami sikumwambia kitu. Tulikula kama wageni, mmoja huku, mmoja kule. Siku ya arobaini na moja nyuki waliingia jikoni, tukalazimika kupiga kelele pamoja.

Argelio alirudi mwaka uliofuata, na Moskvich aliyoitoa sijui wapi, haina taa hata moja. Alisimama getini, hakuingia. Ubaldo aliitengeneza. Ndiyo, aliitengeneza, kwa uzi ule ule wa nta, fundo kila vidole vinne, na mimi nikayeyusha nta huku natukana kila tone. Alipomaliza akachukua ufunguo, akamsogelea Argelio. Nikadhani atampa. Akanyoosha ule mkono mwingine.

"Mfuko," akasema.

Argelio akatoa pakiti. Ubaldo akamwaga sigara, akaichomoa karatasi, akaitia koponi, akamrudishia sigara moja moja. Zilikuwa kumi na moja. Hakumwita kompai, wala Argelio hakumwita. Hawakuitana hivyo tena mpaka Argelio alipokufa. Ubaldo aliingia ndani, akakaa, akaniomba kahawa. Nilimtilia sukari yote iliyokuwepo ndani ya nyumba.

Hiyo ndiyo radhi pekee niliyoipata, na ilitoka kwa Ubaldo, aliyenikosea kidogo kuliko wote.

Ubaldo alikufa mwaka juzi. Kwenye mkesha wake madereva walikuja, wazee sasa, wakakaa, wakanywa chokoleti yangu. Mmoja akamwambia mwenzake, akidhani sisikii: "Mtu mwema. Bahati mbaya ule moto wake." Moto wake! Nilimnyang'anya kikombe mkononi. Na sasa mnataka kuuchapa kwenye kijitabu.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Wewe wa maktaba, ile "licha ya" ifute. Ukiiacha, usikanyage tena hapa, na penseli zako nitazitumia kuwashia jiko. Na mahali pake andika: gari la Argelio Rosabal liliunguzwa na karatasi ya sigara aliyoiweka Argelio Rosabal.

Na wewe uliyekisoma hiki, kama baba yako au babu yako alikuachia gari, nenda sasa hivi, usingoje kesho. Piga magoti, pitisha kidole chini ya dashibodi. Ukikuta uzi, fundo, vidole vinne, fundo, hiyo ni kazi ya Ubaldo Tamayo, na imekubeba miaka yote hii bila kukuunguza. Halafu fungua boksi la fyuzi. Unajua utakachokikuta. Kitoe, ukilete hapa kwangu mchana, kwa mkono wako, mbele za watu. Kopo bado linaning'inia mlangoni, na mimi nipo.